Barua ya malalamiko: pikapu mliyoniuzia haiendi kilomita 13 kwa lita, na nyinyi mnajua

Kwa Meneja wa Mauzo,
Tawi la Mombasa.

KUH: DABO KABINI YA DIZELI NILIYONUNUA KWENU NA MAFUTA INAYOKUNYWA BARABARA YA NAIROBI

Salaam aleikum bosi. Nimeshapiga simu hapo kwenu mpaka dada wa risepsheni ananijua kwa sauti, na kila nikipiga naambiwa tutakurudia, na hamjanirudia, kwa hivyo leo naandika ili mambo yawe kwa maandishi msije mkasema hamkuambiwa.

Mie ndiye niliyechukua ile dabo kabini nyeupe, otomatiki, kwa mkopo wa benki. Kazi yangu mnaijua maana nilimweleza kijana wenu wa mauzo kabla hata sijauliza bei, napakia nazi na madafu hapa Mombasa napeleka Nairobi, narudi na viazi na kabeji nashusha Kongowea. Sikuja kutafuta gari la kwendea harusini. Swali langu kwake lilikuwa moja tu, hii kitu inakula vipi barabara ya Nairobi ikiwa na mzigo. Akafungua broshua akaniwekea kidole, kilomita 13 kwa lita. Halafu akaongeza la kwake kwamba tangi ni lita 80, kwa hivyo ukijaza Mombasa unaenda Nairobi unarudi na yanabaki. Maneno hayo kayasema mbele ya shemeji yangu, na bahati nzuri kayarudia kwenye watsap nilipomuuliza tena usiku, ujumbe ninao.

Basi mie nikapiga hesabu zangu juu ya hiyo 13. Mombasa mpaka Nairobi ni kama kilomita 485, ukigawa kwa 13 ni lita 37 na kidogo. Wateja wangu wa Nairobi nikawapa bei ya usafiri kwa hesabu hiyo na tukakubaliana kwa miezi sita, maana mfanyabiashara hawezi kuwa kila wiki anabadilisha bei, watu watamkimbia.

Safari ya kwanza nikirudi taa ya mafuta ikaniwakia Makindu. Makindu bosi! Bado kilomita mia tatu na ushei nifike nyumbani, gari limejaa viazi, na ndiyo hiyo gari ya kwenda na kurudi na kubakisha. Nikajaza huko huko kwa bei ya bara, ambayo kila mtu anajua ni juu kuliko ya kwetu huku karibu na bandari, kila tarehe 14 EPRA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa kama shilingi tatu hivi kwa lita.

Tangu hapo napima mwenyewe na sipimi kwa dashibodi. Najaza dizeli kwenye petroli stesheni ile ile ya Changamwe mpaka pampu ijikate yenyewe, nikifika Nairobi najaza tena mpaka ijikate, risiti natia kwenye bahasha. Kwenda inakunywa lita 54 hivi, kurudi 48 na kitu. Changanya zote ugawe, inakuja kilomita tisa na nusu kwa lita. Dashibodi nayo iko pale inaniandikia 11 na pointi bila haya, na fundi wenu ndiyo hiyo hiyo aliyonionyesha kunithibitishia kwamba gari haina neno. Bosi, pampu ndiyo inayonidai pesa, dashibodi hainidai kitu.

Sasa majibu niliyopewa hapo sevisi ndiyo yaliyonikasirisha zaidi kuliko mafuta yenyewe. Kwanza nikaambiwa nina mguu mzito. Yule kaka hata hajawahi kupanda gari na mie, lakini kashajua mguu wangu. Bahati mbaya kwake ni kwamba benki ilinilazimisha kufunga trakaa, na trakaa inaandika kila kitu. Ripoti yake nimeiambatisha. Spidi ya juu kabisa ni 100 na hiyo ni wakati wa kuovateki malori, muda mwingi niko 80 mpaka 90, safari nzima inachukua masaa saba na nusu hivi, yaani wastani wa kama 65 kwa saa. Najua mwendo unakula mafuta, upepo unaokukaba mbele unapanda kwa mraba wa spidi, mtu akitoka 80 akaenda 110 ule ukinzani unakaribia kuwa mara mbili, na pikapu ilivyo na uso mpana na ndoo wazi nyuma ndiyo kabisa. Lakini mie siendi 110, kwa hivyo huo mzigo mtafutieni mtu mwingine.

Pili nikaambiwa ni mlima. Ati Mombasa iko baharini na Nairobi iko juu, ndiyo maana. Hili nililipokea kwa heshima nikasema labda, nikampelekea mpwa wangu anayesomea uhandisi pale TUM, chuo kikuu cha ufundi hapa Mombasa, anifanyie hesabu. Gari na mzigo na watu ni kama kilo 2,800. Kutoka ufukweni mpaka Nairobi ni kupanda karibu mita 1,700. Nguvu ya kuinua uzito huo kwa kimo hicho ni kama megajuli 47, na lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, ila injini haiwezi kuitumia yote, theluthi na kidogo tu ndiyo inafika kwenye magurudumu, iliyobaki yote inatoka kama moto kwenye redieta na egzosi. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, mlima mzima kutoka Makupa mpaka Mlolongo unadai kama lita tatu na nusu, tuseme nne nisionekane mchoyo. Nyinyi mliniambia 37 na mie nakunywa 54, hizo ni 17 za ziada. Toa nne za mlima, nani alikunywa 13?

Na tena lau mlima ndio mwizi, si ungenirudishia nikiteremka? Kurudi ni kushuka kutoka Nairobi mpaka baharini na bado inakunywa 48, lita kumi na moja juu ya broshua yenu. Nitakuwa mkweli, wakati wa kusi upepo unakusukuma mgongoni ukienda bara na unakupiga usoni ukirudi, kwa hivyo kidogo kitatoka hapo. Kidogo.

Tatu wakasema ni dizeli mbaya, na hili sitalijibu kwa sababu hakuna aliyechukua hata tone akaenda kupima.

Kilichonifungua macho ni maandishi madogo chini ya ile jedwali kwenye broshua, madogo mpaka mpwa wangu akapiga picha akavuta kwa simu. Pale pameandikwa kwamba ile 13 imepimwa kwa NEDC. Nikauliza NEDC ni nani. Kumbe ni jaribio la maabara la Ulaya, gari inawekwa juu ya rola ndani ya jumba, inazungushwa dakika 20, mwendo wa jumla kama kilomita 11, wastani wa spidi kama 34 kwa saa, na ile 120 inaguswa kwa sekunde chache tu mwishoni. AC imezimwa. Hakuna nazi nyuma, hakuna upepo wa Taru, hakuna lori la makontena mbele yako Mazeras linapanda kwa giya ya kwanza. Kilomita 11 bosi, hapo mie hata Miritini sijaipita vizuri!

Na hao Wazungu wenyewe wameshaiacha. Kuanzia 2017 walianza kuhamia jaribio jingine linaitwa WLTP, ni refu zaidi na la kasi zaidi, kilomita 23 na spidi mpaka 131, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inadanganya watu. Watafiti wa ICCT, shirika la kimataifa la utafiti wa usafiri safi, walilinganisha namba za makampuni na mafuta ambayo watu wanatumia kweli barabarani kwenye magari madogo ya Ulaya, mwaka 2001 tofauti ilikuwa kama asilimia 9, kufika 2015 ikawa kama asilimia 42. Mie yangu ni asilimia 37. Kwa hivyo gari yangu huenda haina ugonjwa wowote, huenda ni gari zima kabisa linalofanya vile ambavyo pikapu zote hufanya, na hapo ndipo hasa nawalaumu. Nyinyi ni wauza magari, hiyo ndiyo kazi yenu mchana na usiku, mnajua hiyo namba haijawahi kuonana na barabara ya Nairobi, na bado mtu akiuliza kuhusu Nairobi na mzigo mnamwekea kidole juu yake.

Halafu kuna ile paketi ya safari. Hii nataka muisome polepole. Kijana wenu alinishawishi nichukue paketi, keria ya juu ya kabini, bulibari ya mbele na tairi nene za matope, akaniambia gari ya barabara ndefu lazima iwe nayo. Nikalipa, pesa nyingi. Hakuna hata mmoja hapo aliyenitamkia kwamba vitu vyote vitatu vinakula mafuta. Keria ni chuma kinachokamata upepo masaa saba na nusu mfululizo hata kikiwa kitupu. Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika wazi kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa linaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 10 mpaka 25 kwenye barabara kuu za spidi, na likikaa nyuma badala ya juu hasara inashuka kabisa. Keria tupu si sanduku, najua, lakini upepo ni ule ule. Tairi za matope ni nzito na zinavuta, na hizo mlizoniwekea ni ndefu kuliko za kiwandani, mlitoa 265/65 mkatia 265/70, kwa hivyo hata mita ya kilomita sasa inahesabu pungufu kama asilimia tatu, ndiyo maana hesabu zangu zote humu nimetumia kilomita za barabara yenyewe. Gari iliyopimwa kwenye rola huko Ulaya haikuwa na hata kimoja katika hivyo. Yaani mlinionyesha namba ya gari moja mkaniuzia gari nyingine.

Na kuna matuta, haya si makosa yenu lakini yaingie kwenye hesabu kwa sababu yapo tangu zamani na mnayajua. Mpwa wangu kapiga, kila mara nikitoka 30 nikirudi 90 na mzigo ule, dizeli inayoondoka ni kama mililita 60, kikombe kimoja cha kahawa tungu. Weka matuta na malori na polisi na vijiji vyote kutoka Mariakani mpaka Athi River, vikombe hamsini ni lita tatu. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha njia ile mara moja angeweza kuniambia hivyo. Kijana wenu sijui kama amewahi kuvuka Voi.

Hasara yangu ni hii. Ukichukua wastani wa kwenda na kurudi ni lita 14 zaidi kwa kila upande. Dizeli ikiwa hata 160 tu, ni zaidi ya shilingi 2,200 njia moja, 4,400 kwenda na kurudi, na mie niko njiani kila wiki na bei ya wateja nimeshaifunga. Hiyo ilikuwa ndiyo faida, sasa inaingia kwenye tangi.

Ninachotaka. Gari iangaliwe bure na fundi mwingine asiye yule wa mguu mzito, injekta, breki kama zinashika, alaimenti, na ripoti ya mashine ya daignosis nipewe kwa karatasi, nisiambiwe kwa mdomo tu kwamba iko sawa. Kama iko sawa basi niandikieni kwa letahedi yenu kwamba tisa na nusu kwa lita ndiyo kawaida ya gari hii ikiwa na mzigo, nitaipeleka kwa wateja wangu tukaongee bei upya. Keria mje muitoe na pesa zangu zirudi. Tairi nirudishiwe za saizi ya kiwandani, hizo za matope mmuuzie mtu anayeenda porini kweli. Na kuhusu tofauti ya mafuta ya hiyo miezi sita niliyojifunga kwa maneno yenu, tukae tuongee, sijasema mnilipe yote, nimesema tukae.

Natoa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya nitaandikia Mamlaka ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulika na biashara inayompa mteja habari za kupotosha, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 nayo ipo, na katiba yetu kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupewa habari anazohitaji. Korti ya madai madogo nayo inasikiza mpaka milioni moja, na langu halifiki huko. Sipendi korti, lakini watsap ya kijana wenu nimeshaichapisha.

Nimeambatisha nakala za risiti za mafuta, ripoti ya trakaa, picha ya yale maandishi madogo na risiti ya paketi. Gari naweza kuileta Jumatatu ama Jumanne asubuhi, Jumatano napakia, na Ijumaa msinipigie kati ya saa sita na saa nane.

Mie mteja wenu,
wa dabo kabini nyeupe, Kisauni