Sindano ya aleji isingoje daktari, Zanzibar tutunge sheria

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi gazetini kwako japo barua yenyewe ndefu, mana jambo hili nimelibeba mda mrefu na kila nikilisema kazini naambiwa ni kweli lakini hakuna anaelipeleka mbele. Mimi ni nesi, nafanya kazi kituo cha afya huku Pemba. Ninalolitaka ni kwamba Zanzibar tuwe na sheria inayoruhusu sindano ya adrenalini iwekwe skulini, kwenye boti, mahotelini na pahala pengine penye watu wengi, na mtu wa kawaida aliefundishwa awe na ruhusa ya kumchoma alieshikwa na aleji kali bila ya kungojea daktari na bila ya kuogopa kufikishwa mahakamani.

Watu wengi wakisikia aleji wanajua vipele, kujikuna, kupiga chafya kwa vumbi, umemeza piritoni umelala na asubuhi mzima. Siisemi hiyo. Ipo aleji ambayo mtu kala kamba au njugu, au kaumwa na nyuki, hajakaa vizuri midomo inamfura, sauti inabadilika, kifua kinapiga mluzi, mwengine anatapika na tumbo linamkata, presha inashuka anaanguka chini. Mwili unapigana na kitu ambacho kwa mwengine ni chakula tu, unamwaga kemikali zinazolegeza mishipa ya damu na kubana njia ya pumzi, vyote kwa pamoja. Piritoni haiwezi kuizuia hiyo, inasaidia kuwasha na vipele basi. Dawa ya mwanzo ni adrenalini, sindano ya msuli, upande wa nje wa paja katikati, na ikichelewa ndo mtu anakufa.

Na haichelewi kuua. Daktari wa Uingereza anaeitwa Pumphrey alivichunguza vifo vya namna hii huko kwao, na mwaka 2000 akatoa hesabu zake: kwa chakula, mpaka moyo au pumzi kusimama ilikuwa kiasi cha dakika 30, kwa kuumwa na nyuki au mavu dakika 15, kwa dawa aliyopewa mtu hospitali dakika 5. Sasa zichukue hizo dakika 30 uzipeleke Kojani, mtoto mpaka avushwe, halafu itafutwe gari. Au mchumaji yuko juu ya mkarafuu bondeni huko kavamiwa na mavu, mpaka ateremshwe, abebwe mpaka barabarani, dakika zake 15 zishakwisha zamani. Au abiria yuko kwenye boti katikati ya Unguja na Pemba. Hapo hata tujenge hospitali kubwa kiasi gani haitomfikia kwa wakati, dawa ndo inatakiwa iwe pale alipo.

Nishawahi kuletewa mtoto wa darasa la tatu hivi kwa pikipiki, kakaa katikati ya dereva na mwalimu wake. Alikula kashata ya njugu wakati wa mapumziko. Skuli kuna sanduku la huduma ya kwanza, ndani mna pamba, bendeji, spirti na Panado, ndo vitu vyenyewe. Walimpa maziwa, mmoja akasema hili jicho akasomewa, na mimi sisemi kusomewa ni vibaya, dua isomwe lakini isomwe huku sindano ishaingia. Alipofika kwangu macho yamefumba kwa kufura na kila akivuta pumzi pale juu ya kifua panaingia ndani. Sikuhangaika kumvua, nilimchoma juu ya suruali ya sare, milligramu 0.3, tukamuegemeza kitandani miguu imenyooka, dakika tano nikamuongeza ya pili kwa kiasi kile kile. Baada ya mda akafumbua jicho moja akaomba maji. Tukampeleka hospitali akalala huko, mana aleji hii inaweza ikarudi tena baada ya masaa hata kama mtu keshapata nafuu, na hili nalo watu hawalijui, wakimuona anaongea wanamrejesha nyumbani.

Mwalimu wake alibaki nje kwenye benchi anatetemeka. Nikamwambia mwalimu, dawa yenyewe ni hii kichupa kidogo, akanambia "Dokta, hata ingekuwepo skuli nisingethubutu kuichoma, mtoto wa watu akinifia mikononi mimi nitasema nini?" Sikuwa na jawabu la kumpa na mpaka leo sina, mana adrenalini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na mwalimu ana haki kabisa ya kuogopa. Ukimlaumu unamuonea. Sheria ndo inatakiwa imuondoshee hiyo khofu.

Wenzetu walishapita njia hii. Canada, mkoa wa Ontario, mwaka 2003 alifariki mtoto wa miaka 13 anaitwa Sabrina Shannon. Alikuwa na aleji ya maziwa, akala chipsi za kantini ya skuli, na iliyoaminika ni kwamba koleo la kupakulia chipsi lilikuwa limeshika jibini. Dawa yake alikuwa nayo, lakini imo kwenye kabati lake. Mwaka 2005 wakapitisha sheria wakaipa jina lake, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Inazilazimisha skuli kuwa na utaratibu wa aleji, kuwafundisha wafanyakazi, kila mtoto mwenye aleji kali awe na mpango wake ulioandikwa, na mfanyakazi akiwa na sababu ya kuamini mtoto keshashikwa anaweza kumchoma hata kama hakupewa idhini kabla, na akifanya kwa nia njema hashitakiwi kwa madhara yatakayotokea, isipokuwa kwa uzembe mkubwa. Kifungu hicho ndo anachokihitaji yule mwalimu wa kwenye benchi.

Marekani nako, Novemba 2013 rais Obama alitia saini sheria ya kuzihimiza serikali za majimbo ziweke adrenalini skulini, kwa kuwapa kipaumbele kwenye fedha za msaada wale watakaofanya hivo, na majimbo mengi yameshaenda mbele zaidi yanaruhusu hata mikahawa, kambi za watoto na viwanja vya michezo viweke. Uingereza kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 skuli inaweza kununua sindano za akiba bila ya mtoto kuandikiwa na daktari. Na kwenye ndege za abiria za Marekani adrenalini imo kwenye sanduku la dawa kwa amri ya sheria, sasa kama ndege inatakiwa kuwa nayo mimi sioni kwanini boti ya Pemba isiwe nayo. Tangu msiba wa Spice Islander Septemba 2011 hakuna mtu huku anaebishana kuhusu maboya, yanakaa pale boti haijazama, na dawa ikae vile vile.

Kwetu afya si jambo la Muungano, kwa hiyo hatuna wa kumngojea. Baraza letu la Wawakilishi linaweza kuitunga hii sheria wenyewe, Wizara ya Afya ikaandika kanuni, na Wakala wa Chakula na Dawa ukasema kichupa kiwekweje na nani auziwe. Mimi ningependa skuli na madrasa kubwa na boti ziwe ni lazima, hoteli na mikahawa mikubwa ni lazima pia, na hawa wadogo wa vibanda waruhusiwe tu wakitaka, mana ukimlazimisha muuza urojo kununua dawa utamfungia biashara bure.

Kuhusu vyakula napo pana kazi, ingawa naona hili litachukua mda zaidi. Mtu wa aleji ya kamba anaagiza chipsi zake tu, kumbe karai hilo hilo limekaangiwa kamba na ngisi tangu magharibi na mafuta hayajabadilishwa. Nimesimama Forodhani nikaangalia, kijana anageuza mshikaki wa pweza, kwa koleo lile lile anageuza wa kuku, na hana ubaya wowote, hakuna aliemwambia. Mkate wa ufuta ufuta unauona, lakini haluwa mtu hajui ndani mna lozi au njugu mpaka aulize. Uingereza walimpoteza msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, mwaka 2016, alikula mkate uliotiwa ufuta ndani ya unga na pakti haikuandikwa. Oktoba 2021 sheria ikaanza kulazimisha chakula kilichofungwa pale pale dukani kiandikwe vilivomo vyote. Sisi tungeanzia kwa mpishi kuulizwa na kujibu kweli, na hoteli za Nungwi na Paje ziandike kwenye menyu.

Najua kitakachosemwa, kwamba ni ghali. Zile sindano za kalamu, ambazo dawa na kipimo chake vimo ndani tayari, ni ghali kweli, Marekani wenyewe mwaka 2016 bei ya pakti ya mbili ilipita dola 600 mpaka ikawa kelele bungeni kwao, na mimi duka la dawa nililoingia huku sijaziona. Lakini dawa iliyomo kwenye kalamu ni hii hii tuliyonayo sisi kwenye kichupa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na ni dawa rahisi. Wilaya ya King County huko jimbo la Washington, wahudumu wao wa gari za wagonjwa mwaka 2014 walianza kutumia kiboksi cha kichupa na bomba badala ya kalamu kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Na sisi tufanye hivo: kiboksi kidogo, vichupa viwili vya milligramu 1, mabomba ya ml 1, na karatasi ya Kiswahili yenye picha, mtu mzima nusu milligramu, mtoto wa miaka 6 mpaka 12 milligramu 0.3, chini ya hapo 0.15, ngoja dakika tano, kama bado rudia. Kikae kivulini, kisitiwe barafuni, kisipigwe jua, na maji yakigeuka rangi ya hudhurungi kitupwe. Mwalimu anaejaza rejista kila siku hashindwi na hili.

Wengine watasema mwalimu atamchoma asiekuwa na aleji. Inaweza ikatokea. Kwa mtoto mzima wa afya kipimo hicho kitamuendesha moyo mbio, atatetemeka, uso utampauka, baada ya mda mfupi inaondoka. Wazee wenye maradhi ya moyo wanahitaji uangalizi zaidi, hilo lifundishwe. Lakini wanaokufa kwa aleji wengi wao ni kwa sindano kuchelewa au kutopigwa kabisa, na hapo ndo pa kuangalia.

Kuna jengine ambalo linaniuma zaidi kuliko hata skuli, ni sindano za mitaani. Mtu ana koo au kidonda, anakwenda pahala anachomwa penseleni, analipa anaondoka, hakuulizwa kama imewahi kumdhuru na hakuambiwa akae kwanza. Rejea zile dakika 5 nilizozitaja juu. Yoyote anaechoma mtu sindano Unguja au Pemba, awe duka, kliniki au nyumbani kwake, awe na adrenalini mezani kabla hajafungua bomba la kitu chochote, na asiekuwa nayo afungiwe. Hichi kifungu hata kama vyengine vyote vitachelewa kinaweza kupitishwa peke yake, hakigharimu serikali kitu.

Na wazazi, wakati sheria hatujaipata, mwenye mtoto aliewahi kufura midomo au kubanwa pumzi kwa chakula au kuumwa na mdudu basi amlete kituoni hata kama saivi ni mzima, aandikiwe kwenye kadi yake ni kitu gani, na mwalimu wa darasa na ustadhi wa chuoni waambiwe kwa mdomo na kwa barua. Akishikwa msimsimamishe wala msimtembeze mpaka kwenye gari, alazwe miguu juu, akishindwa kuvuta pumzi akae, abebwe hivo hivo.

Wajumbe wetu wa Pemba nawaomba mmoja wao alichukue alipeleke Barazani kama hoja binafsi, na kama anahitaji maelezo ya kitaalamu kituoni kwetu nipo kila siku za kazi. Kufundisha pia sitaki malipo, skuli yoyote ya Wete na Micheweni itakayotaka walimu wake wajifunze waandike barua kwa mkuu wa kituo, nitakwenda Jumamosi na mabomba ya maji na machungwa ya kuchomea, saa moja inatosha.

Ni mimi nesi na mzazi,
Wete, Pemba.