Kusali mbele ya mwenzako

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: kama tunaamini Kristo ndiye njia, tunakaa na Waislamu na Wahindu kuzungumza nini? Ama Kanisa limelegea?

Halijalegea. Chukua Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kuhusu dini zisizo za Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965. Ni fupi kuliko hati zote za Mtaguso, utalimaliza kwa mkao mmoja. Taabu ni namba ya pili, ambayo kila mtu huikata anapotaka. Huyu hushika pale Kanisa linaposema halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo, akafunga kitabu. Yule hurukia pale linaposema halina budi kumtangaza Kristo bila kukoma. Maneno hayo yamefuatana, ndugu yangu! Hata Dominus Iesus, hati ya Vatikano ya mwaka 2000 inayosisitiza kwamba Kristo ndiye Mwokozi wa pekee, iliyowakwaza wengi kwa ukali wake, haikufuta majadiliano.

Halafu kuna Assisi, mji wa Italia ambako Papa Yohane Paulo II aliwakusanya viongozi wa dini mbalimbali kuombea amani, 27 Oktoba 1986. Siku chache kabla, aliwaeleza waamini kwamba hatuwezi kusali sala moja na watu wa dini nyingine, ila tunaweza kuwapo wanaposali. Nami nilidhani hayo ni maneno ya wanateolojia kujikwamua, mpaka usiku mmoja hospitalini.

Tulikuwa tunamuuguza mzee mmoja, mimi na jirani yangu Mwislamu. Usiku wa manane akaniuliza, wala si kwa kejeli, "Hivi Mungu wenu ni mmoja au watatu?" Nikaanza vizuri. Kufika kwenye Nafsi tatu, ulimi ukanitatiza. Miaka yote ile ya katekisimu! Hakunicheka. Alfajiri akatandika mswala karibu na dirisha, nami nikatoa rozari mfukoni. Alipomaliza akaniona bado niko tendo la nne. Akaenda kumshika mgonjwa mkono, akanyamaza hadi nilipofanya ishara ya msalaba.

Jibu lake bado ananidai, na kila tukikutana ananikumbusha. Kwa hiyo nimerudi kusoma habari za Utatu, uzee huu. Kile kitabu chako cha mafundisho, kama hakijaliwa na mchwa, niazime.

Wako katika Kristo.