Usianze na 9, chalii wangu

Moshi, Jumapili jioni

Oya chalii wangu, mambo vipi huko Arachuga? Huku Moshi tupo, mvua kila siku, mlima hatujauona wiki nzima.

Meseji yako nimeisoma, eti programu ya stoo ikiganda unaipiga kill -9, ile amri ya Linux ya kuua programu kwa nguvu, alafu ukiiwasha mauzo ya mwisho hayapo. Sasa bana ulitegemea nini? Hiyo 9 programu yenyewe haiioni hata, keneli, ule moyo wa Linux, ndo inaikata hapohapo, na hakuna programu inayoweza kuikataa. Kilichoshafika kwa keneli kitaandikwa kwenye diski, ila kilichokuwa bado kwenye memori ya programu kinaondoka nayo, na mauzo yako yalikuwa humo.

Ukiandika kill na namba ya prosesi tu, yaani programu ikiwa inakimbia, inaenda signali namba 15, TERM, ujumbe wa kuiomba itoke. Hiyo ni kama kumwambia konda wa kifodi "shusha", gari linatafuta pa kusimama kwanza. Programu inaipokea, na kama fundi aliandika kipande cha kuishughulikia basi inamalizia kuandika, inafunga mafaili, inatoka. Ctrl+C nayo ni signali, namba 2, na inaweza kudakwa au kupuuzwa kabisa, ndo maana kuna programu unabonyeza mpaka kidole kinauma na ipo tu. Hata systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ikizima huduma inatuma TERM kwanza, inasubiri, kwa kawaida sekunde 90, ikiona kimya ndo inapiga KILL, yaani hiyo 9. We hata sekunde 5 huzitoi!

Lile la prosesi uliyoipiga 9 ikagoma kufa, andika ps aux, amri ya kuorodhesha prosesi, cheki safu ya STAT, yaani hali ya prosesi. Ukikuta D, iko ndani ya keneli inasubiri diski au flashi ijibu, na 9 yako nayo inasubiri hapohapo, mi nahisi ni hiyo flashi yako ya bekapu. Ukikuta Z, ilishakufa zamani, limebaki jina kwenye orodha sababu prosesi mzazi haijachukua taarifa ya kifo chake, sasa maiti utaiuaje mara ya pili? Msumbue mzazi.

Alafu ukikuta kwenye logi programu imetoka na namba 137, ni 128 jumlisha 9, yaani imepigwa 9. Ikitokea na hujagusa kitu angalia RAM, ikijaa keneli huwa inachagua wa kumpiga yenyewe.

Mwambie fundi wako aweke kipande cha kudaka TERM, si kazi ya kukulipisha upya hiyo. Na nitumie hiyo safu ya STAT leo usiku.

Msalimie shemeji.