Barua kwa mhariri: Kanisa la zamani liacheni, hata kama ni la kuuzia kuku

Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya parokia zinazojenga makanisa mapya nikaona nisinyamaze, maana na kwetu kamba za kupimia zimeshavutwa na fundi kasema wazi kwamba kanisa la zamani la wamisionari litavunjwa ipatikane paking. Paking! Magari yenyewe Jumapili hayafiki kumi.

Sasa niwasimulie. Nilienda kumtembelea mdogo wangu Nantes, Ufaransa, akanipeleka mji mdogo wa mashambani kama kilomita 25 hivi kusini, panaitwa Saint-Philbert-de-Grand-Lieu. Kanisa lao la zamani kwa nje ungedhani ghala. Ingia ndani sasa, nguzo nene hizo, na matao yamepangwa jiwe jeupe tofali jekundu, jiwe jeupe tofali jekundu, kama mtu alikuwa anasuka mkeka. Halafu kule mbele, chini, ndiyo kripta yenyewe, chumba cha kaburi chini ya kanisa, baridi kama ndani ya mtungi, na jeneza la marumaru limekaa. Tupu.

Tupu kwa sababu mwenyewe alihamishwa. Mtakatifu Philibert alifia kisiwa cha Noirmoutier, hukohuko pwani ya Ufaransa, miaka ya 600, watawa wake wakabaki huko mpaka Waviking, maharamia wa kaskazini mwa Ulaya, walipoanza kuja kupora. Walikuja kiangazi bahari ikitulia, kwa hiyo watawa nao kiangazi wanahamia bara, baridi ikianza wanarudi kisiwani, sisi tunaohesabu kaskazi na kusi hilo halitupi shida kuelewa. Mwaka 819 Kaisari Louis, mtoto wa Charlemagne, alikuwa ameshawapa ruhusa ya makao huku bara, 836 wakauleta na mwili wa mtakatifu. Haikusaidia, 847 Waviking wakafika mpaka hapo wakachoma moto, na 858 watawa wakaondoka na mifupa, jeneza wakaliacha, nani abebe jiwe lile? Wakatangatanga weee mpaka 875 ndo wakatulia Tournus, mashariki huko.

Lakini kilichonifanya niandike siyo Waviking. Karne ya 19 watu wa pale wakajenga kanisa jipya kubwa, kama sisi tunavyotaka, la zamani wakaligeuza soko la kuku. Ndiyo, kuku, juu ya kaburi la mtakatifu! Mdogo wangu aliponiambia nilicheka kisha nikaona aibu, ila nikifikiria naona soko ndilo lililoliokoa, maana jengo lenye kazi hakuna anayelivunja. Leo misa zao wanasali kwenye lile jipya, na wageni wa mbali wanakuja kuliangalia hilo la kuku.

Letu halina kripta wala marumaru, najua. Lina mawe ambayo bibi yangu aliyabeba kichwani kutoka mtoni akiwa binti, na alikuwa anatuonyesha kabisa, lile pale karibu na mlango wa sakristia ni langu. Mimi siyapingi maendeleo, jengeni jipya hata la gorofa, ila hilo lipewe kazi, kwaya ifanyie mazoezi humo, akina mama wa WAWATA waweke viti na masufuria yao, hata mahindi ya mavuno sawa tu.

Kikao cha kamati ya ujenzi ni Jumapili hii baada ya misa ya pili. Picha za lile jeneza ninazo kwenye simu, nitaenda nazo.

Muumini wa kawaida