Umeme ukikatika, usifungue kinu

Wateja wetu wengi wa mashine za kusaga walianza na dizeli. Injini ile ya Lister yenye magurudumu mawili, mizunguko 650 kwa dakika, mlio wake unaufuata kwa masikio hadi unafika mashineni. Ilikuwa na kero zake, ila ikizima imezima. Kuiwasha tena lazima mtu ashike hendeli, azungushe, atokwe jasho.

Umeme ulipofika kijijini dizeli ikauzwa, mota ikafungwa kwenye kinu kilekile cha zamani. Hapo hakuna ubaya. Ubaya uko ukutani. Vinu vingi tunavyoitwa kutengeneza, mota imeungwa moja kwa moja kwenye meni swichi, ile ya mkono wa pembeni. Swichi hiyo haijui kama umeme upo au umekatika. Ukiiacha juu inabaki juu, na umeme ukirudi mota inaondoka yenyewe.

Sasa fikiria saa kumi na mbili jioni, ndoo zimepanga foleni, umeme unakatika katikati ya debe la mtu. Kinu kinazunguka weee, kinasimama, mahindi yamejaa ndani. Msagaji hataki kukaa bure: anafungua mfuniko, anachomoa chekeche, anakomba unga ulioganda kwa kiganja. Nani atakumbuka swichi wakati giza limeingia? Kijana mmoja tuliyemfungia stata, yaani kiwashio cha mota chenye vitufe, alituonyesha shati lililochanika kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko. Umeme ulirudi wakati anautoa mkono aufuate ufagio. Mkono ni mzima. Shati kalitundika kwenye msumari palepale mashineni, na hataki liondolewe.

Kinu chenye rota (ile sehemu ya ndani inayozunguka na nyundo zake) ya kipenyo cha sentimita 40 kikizunguka mara 3000 kwa dakika, ncha za nyundo zinakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Huwezi kuwahi kuvuta mkono.

Dawa yake ni stata yenye kontakta, swichi inayovutwa na umeme wenyewe. Ndani mna koili inayoshikilia mguso kwa nguvu ya umeme huohuo. Umeme ukikata inaachia, na hata ukirudi mota haitaondoka mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Lakini tumekuta stata nzuri kabisa ambazo hazilindi mtu. Moja koili yake iliungua, fundi akaikandamiza kontakta kwa kijiti cha mti ili kazi iendelee. Nyingine iliendeshwa kwa swichi ya taa badala ya vitufe. Hiyo ni meni swichi tu iliyovaa koti.

Kama unayo stata, ijaribu leo. Kinu kiwe kitupu, mfuniko umefungwa, watu wakae mbali. Washa mota, kisha shusha meni swichi, subiri kinu kisimame kabisa, ipandishe tena. Mota ikiondoka bila kitufe kubonyezwa, simamisha kazi utuite.

Na kabla ya kufungua kinu, hata kama umeme umekatika mtaa mzima, shusha meni swichi na uitie kufuli. Kufuli la kawaida la dukani linatosha. Ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingiza mkono, si kwa bosi wala juu ya dirisha.

Kinga ya mkanda unaozungusha kinu nayo tunatengeneza, ya bati au wavu. Akina mama wanasogea na ndoo zao, na ncha ya kanga haihitaji kukaribia sana ili inaswe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai kinga hiyo hata kama mashine ni ya babu yako.

Ukija karakana, njoo na picha ya kibati cha mota. Tunataka kusoma kilowati, ampea na hasa mizunguko, maana wapo waliouziwa mota ya 2900 mahali pa ile ya 1440 iliyoungua, wakaiacha puli ileile. Kinu kikaenda mwendo mara mbili, na nyundo zikavuta shafti kwa nguvu mara nne. Kama chako kimeanza kutetemeka tangu ubadilishe mota, pima pia kipenyo cha puli zote mbili, yaani duara lake kutoka ukingo hadi ukingo, kwa futi kamba uandike nyuma ya risiti.