Tunasoma sana, shida siyo uvivu

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeandika hapa kwamba madaktari wanaofeli mtihani wa ubingwa wa tiba ya dharura ni wavivu wa kusoma. Mi nimefeli. Na nilibukua haswa, kile kitabu kikubwa nilikimaliza chote kimejaa maka peni ya njano, mpaka mke wangu akaniuliza, sasa kama umepaka kila mstari, umechagua nini hapo? Nikacheka tu.

Huu mtihani bwana haukuulizi sana unajua nini, unakuuliza unaanza na nini. Machaguo yote yanafanana na ukweli, mengine utakuja kuyafanya kabisa baadae, ila moja ndo linatangulia. Chukua swali moja nililofanya kwenye mazoezi: kijana wa kisukari kaletwa anahema kwa nguvu, sukari iko juu mno, damu imejaa asidi, halafu katikati ya msururu wa namba za maabara wamekufichia potasiamu 2.8, yaani iko chini. Mkono wangu ukakimbilia insulini, si ndo dawa yake? Ndo dawa yake kweli, ila insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na hicho kidogo kilichobaki kwenye damu kikishuka tena moyo unaanza kupiga ovyo na mgonjwa anaweza kukufia mkononi, kwa hiyo unaanza na maji na potasiamu, insulini inasubiri kwanza. Na hilo nilikuwa nalijua! Limo kitabuni, limepakwa njano kabisa.

Au mgonjwa wa moto, kilo 70, kaungua asilimia 30 ya mwili. Fomula ya Parkland, ile ya kukadiria maji ya dripu kwa aliyeungua, kila mtu anaiimba, 4 mara kilo mara asilimia, unapata mililita 8,400, nusu yake iingie ndani ya masaa 8 ya kwanza. Sasa huyu kafika masaa 3 baada ya kuungua. Yale masaa 8 yanahesabiwa tangu moto ulipomshika, siyo tangu alipoingia mlangoni kwako, kwa hiyo ile 4,200 unaigawa kwa masaa 5, inakuja 840 kwa saa. Ukigawa kwa 8 unapata 525, na hiyo 525 nayo wameiweka pale inakusubiri wewe tu.

Mwaka 2006 kule Marekani watafiti wa saikolojia, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu wasome, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika karatasi na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki moja wale wa kufunika ndo wakawa wameshika zaidi. Mi nilipoisoma hiyo niliumia, maana miezi yote ile nilikuwa najipima kwa zile dakika 5, nafunga kitabu najiona bingwa tayari.

Sa hivi madesa nimeyaweka kando, nafanya maswali 20 kwa siku na nina daftari la makosa, na humo siandiki jibu sahihi, naandika kwa nini nilidanganyika. Aisee ukurasa wa kwanza tu umejaa "sikusoma namba zote", "nimeona neno nikarukia". Kukosa kujua kumetokea mara chache sana.

Kwa hiyo wakubwa zetu, badala ya kutuambia "nenda kasome", tuulizeni. Mkiwa mnapita kitandani asubuhi mnapokezana zamu, nishike hapohapo, daktari, huyu presha ikianguka sasa hivi unafanya nini kwanza? Dakika mbili hazifiki. Nikikosea mbele ya wenzangu sitakuja kusahau, hiyo inashinda kurasa 40 nilizosoma saa nane usiku macho yanafumba. Na jamani, mtu mwenye mtihani kesho asubuhi msimpange zamu ya usiku leo, mimi nilipangwa, nikaingia chumba cha mtihani bado nasikia mashine za wagonjwa zinalia kichwani.

Msomaji aliyeniita mvivu simlaumu, hakuliona daftari. Mwezi ujao narudi tena.

Mtahiniwa, mara ya pili