Msitu mnene nao unavamiwa, tusijidanganye

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana haya maneno ya kwamba msitu wa asili haushikwi na mimea ya kigeni nayasikia kila mara, na watu wanayabeba hivohivo bila kuuliza kwanini.

Ni kweli ukipita pembeni mwa msitu unakuta lantana, kile kichaka cha kigeni, imefunga kila mahali, alafu ukiingia ndani kule miti ilikoshikana juu, huoni hata mche mmoja. Hapo ndo watu wanasema msitu una kinga. Mi nasema angalia mwanga kwanza. Kwenye msitu wa kitropiki uliofunga vizuri, mwanga unaofika chini ni kama asilimia 1 au 2 tu ya jua la nje, na lantana ni mmea wa jua, ikiota pale inakufa njaa tu. Sasa inama uangalie miche ya miti ya msitu wenyewe. Unakuta kamche kembamba kama njiti ya kiberiti, majani manne, hakafiki hata goti, utasema kameota juzi kumbe kanaweza kuwa na miaka mingi pale, kanasubiri mti mkubwa uanguke kapate jua. Uvumilivu huo mimea mingi ya kigeni haina.

Wapo wanaosema sababu ni wingi wa spishi, ile hoja aliyoipa nguvu mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton mwaka 1958, kwamba penye viumbe wengi kila nafasi ina mwenyewe na mgeni hapati pa kukaa. Ina ukweli wake. Wadudu na fangasi nao wana kazi kubwa sana, tena kuna mfano mmoja naupenda wa kichaka kinaitwa Clidemia hirta. Kwao Costa Rica hakikai ndani ya msitu, kinakaa penye uwazi, na watafiti walipokipanda kivulini wakakipulizia dawa ya wadudu na ya fangasi, kikaanza kupona! Hawaii ambako adui zake hawakukifuata, dawa haikubadilisha kitu, kinaishi kivulini chenyewe bila msaada wa mtu. Kwahiyo mmea uleule, kivuli kilekile, ila huku unaliwa na kule hauliwi.

Lakini jambo linaloniuma ni hili. Sisi binadamu ndo tuliobeba hii mimea, na tuliibeba kwa kuchagua: malisho, mbao za haraka, uzio, maua ya bustani. Mingi ni ya kukua upesi penye jua, ndo tuliyoitaka. Sasa unapeleka mimea ya jua mlangoni kwa msitu wenye giza, inashindwa kuingia, alafu unausifu msitu kuwa imara, wakati wale wanaoweza giza hata hatujawaleta wengi bado?

Walioletwa tumeona walichofanya. Tahiti waliingiza mti unaitwa Miconia calvescens mwaka 1937 kwa ajili ya uzuri wa majani yake, makubwa, juu kijani chini zambarau, ukawekwa bustanini. Miche yake inaota kivulini bila shida, ndege wanakula matunda na kumwaga mbegu, na leo umeshika kama theluthi mbili za kisiwa, chini yake giza mpaka mimea ya kienyeji haioti. Msitu wa kule haukuwa umekatwa ovyo, ulikuwa msitu mzuri tu. Hata Marekani kuna mti wa Ulaya, Acer platanoides, umekaa huko tangu karne ya 18, unapandwa mabarabarani, na miche yake inaingia misituni taratibu kwa sababu inavumilia kivuli, taratibu kiasi kwamba mtu wa leo anapita anaona shwari.

Na tukifungua msitu wenyewe kwa shoka hata hao wapenda jua wanapita. Usambara Mashariki musizi, mti ulioletwa pale na watu, ulipata njia pale miti mikubwa ilipokatwa, hondohondo wakasambaza mbegu, basi kila pengo likawa lake.

Ombi langu kwa wanaopitisha mimea ya kuingizwa nchini, popote walipo, wasiulize tu kama mmea unakua haraka na kusambaa mashambani. Waulize mche wake unaishi miaka mingapi kivulini. Na wanaokagua misitu wasiishie kuhesabu magugu ya pembeni mwa barabara, waingie ndani kabisa kwenye giza, wapige magoti, wavitafute hivo vimche vya majani manne na kuangalia ni vya mti gani.

Msomaji wenu wa siku zote